Mfumo Wangu Uliwajibu "Imepokelewa"

Ngoja niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa sebuleni kwetu, mtaa wa Cheyo, na chai yangu mezani. Nikagundua kwamba programu niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilikuwa imewadanganya watu wawili porini kwa siku tatu mfululizo. Mmoja wao alikuwa anakufa.

Na siku hizo zote tatu mimi nilikuwa najisifu.

Naitwa Najiat. Mjini Tabora wengi wananijua kama binti Humaidi, maana baba yangu ananunua asali tangu sijazaliwa. Watu wetu walikuja na misafara kutoka pwani, wakafika hapa wakapanga kukaa siku mbili, wakaoa, basi tena, hawakuondoka. Mimi asali wala sikuipenda. Nilisomea kompyuta, nikarudi nyumbani na laptopu na maneno mengi.

Mwaka jana baba akaja na shida ya kikundi cha warina asali anaofanya nao kazi.

Hawa jamaa wanaingia misitu ya miombo, huko kusini, wanakaa kambini wiki tatu hadi nne. Mtandao ni wa kubahatisha. Kila kambi ina kilima chake, ukipanda pale meseji inapita, sauti haipiti. Mke nyumbani hajui kama mume ni mzima au kaanguka mtini na mzinga wake. Aliyekuwa anawapitia ni mzee Kasimiri, kwa baiskeli, kambi hadi kambi, kila wiki. Magoti ya mzee yameanza kugoma.

Nikasema hiyo kazi ya siku mbili bana, niachieni mimi.

Na kweli haikuwa ngumu. Nieleze kwa lugha ya kawaida. Nilitengeneza kanzidata yenye majedwali mawili, moja la majina ya warinaji na kambi zao, lingine la meseji wanazotuma. Mbele yake nikaweka API, yaani kama dirisha la kuhudumia watu. Meseji ikifika inapitia pale dirishani, programu inaipokea, inaihifadhi. Halafu kuna ukurasa wa wavuti unaoenda kuuliza kwenye dirisha hilohilo, kambi namba nne wakoje, na ukishajibiwa unaonyesha rangi. Kijani wazima, nyekundu wana shida, na wakinyamaza siku mbili inakuja njano.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Kila asubuhi panda kilimani, tuma neno SALAMA kwenye namba hii. Ukiwa na tatizo, tuma MSAADA.

Siku ya mafunzo walikaa kwenye mabenchi ofisini kwa kikundi, watu wazima, simu za vitufe mikononi. Nikawaambia wajaribu. Mmoja akatuma "Salama tu". Mwingine "Salama kabisa mwanangu, sijui wewe". Mwingine "Salama sana, tunamshukuru Mungu". Programu ikazikataa zote, kwa sababu nilikuwa nimeiambia itambue neno moja lililosimama peke yake.

Watu wakacheka. Mimi fundi wa mjini nikaishiwa pozi. Nikafungua laptopu palepale nikabadilisha mstari mmoja: meseji yoyote ikianza na salama, weka kijani, usihangaike na yanayofuata.

Ilinichukua dakika mbili na wakapiga makofi.

Nikaongeza na kitu kingine, ili mtu asijione anaongea na ukuta. Ukituma tu, simu yako inapata jibu: "Asante. Taarifa yako imepokelewa." Hiyo waliipenda kuliko vyote.

Neno MSAADA hakuna hata mmoja aliyelijaribu. Na mimi sikuuliza kwa nini.

Katibu wa kikundi ni mama anaitwa Marcelina. Mume wake, Vedasto, ni mrinaji wa kambi namba nne, na mwenzake wa kambi ni bwana mmoja anaitwa Emilian. Marcelina ndiye mwenye simu kubwa, kwa hiyo ndiye angekuwa anaangalia ukurasa. Aliniuliza swali moja tu, kwamba yale maneno wanayoandika yatakuwa yanaonekana wapi. Nikamwambia yapo kwenye kanzidata, asijali, nimeyaficha ili ukurasa uwe msafi. Akaitikia kwa kichwa. Si msomi ni mimi.

Mzee Kasimiri akapumzishwa. Niseme ukweli, aliyelisukuma hilo ni mimi. Nilisimama mkutanoni nikasema kumtuma mzee porini wakati mfumo upo ni kumtesa bure. Yeye hakubisha. Alivaa kofia yake akaenda zake.

Msimu ukaanza, kila siku kambi zote kijani. Nikavimba kichwa, siwafichi. Niliweka picha ya ukurasa kwenye status, watu wakanimwagia hongera mpaka nikachoka kujibu.

Sasa turudi Jumanne.

Marcelina alikuwa amenipigia jana yake, anataka idadi ya meseji za mwezi kwa ajili ya mkutano mkuu. Kazi ndogo. Nikaandika njia mpya kwenye API, ukiiita inakuletea meseji zote, jina la mtumaji, tarehe, na maneno yenyewe. Nikaiita kuijaribu. Zikamwagika kwenye skrini.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzisoma. Msimu ulikuwa na wiki tatu.

Za mwanzo zilinichekesha. "Salama ila unga umeingia wadudu." "Salama ila nyuki wa mwaka huu wana hasira." Mwingine anawasalimia watu kumi kwa majina.

Nikafika kambi namba nne, simu ya Vedasto.

Jumapili: "Salama. Huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ila Emilian ameumwa na nyoka jana mguuni. Ni kifutu. Tunaomba mje."

Jumatatu: "Salama. Ila mguu wa Emilian umevimba mpaka pajani na ngozi inabadilika. Tunawasubiri."

Jumanne, saa moja ya asubuhi ileile: "Salama. Tunawasubiri."

Zote tatu ziliwekwa kijani. Na kando ya kila moja kulikuwa na kumbukumbu ya jibu letu. Asante. Taarifa yako imepokelewa.

Nilisoma tena nikidhani nimeruka neno, labda kuna mtu alishawajibu, labda walishatoka. Hakuna. Chai yangu bado ilikuwa inatoa moshi.

Jamani, na mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu mtu haanzi na shida. Unamkuta yuko kwenye msiba wa mama yake mzazi, unamuuliza habari, anakujibu nzuri, halafu ndiyo anakwambia tunazika saa kumi. Baba anasema ni desturi ya tangu misafara. Mtu akifika na habari anatua mzigo, anasalimiwa, anajibu salama, ndipo anawaambia nani kabaki njiani. Nimelelewa hivyo. Naongea hivyo kila siku ya Mungu. Halafu nikaiambia mashine, ukishasikia salama, ziba masikio.

Na MSAADA wangeitumaje? Uanze kumwamuru mtu kabla hujamsalimia? Mimi mwenyewe nisingeweza.

Kuna kitu kingine nitakisema hapa ingawa kinaniaibisha. Nilifikiria kufuta.

Zilikuwa meseji tatu tu. Nafuta, nasingizia hitilafu ya mtandao, nani angejua? Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Hofu ya kuulizwa na watu ilikuwa kubwa kuliko huruma, kwa kama dakika nzima. Kisha nikaiona ile "tunawasubiri" ya asubuhi, nikaona hawa watu wamekaa sasa hivi wanaangalia njia, nikaacha.

Nikapiga simu ya Vedasto. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, mpaka nikakumbuka nilishaambiwa sauti haipiti kule.

Nikampigia Marcelina.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, habari za mjini.

"Nzuri tu, mama," nikajibu.

Wallahi nilijibu hivyo. Mdomo ulijibu wenyewe. Nikasikia nilichosema, nikaanza kulia.

"Ila, mama," nikasema.

Halafu akasema taratibu, "Ila nini, Najiat?"

Nikamsomea zote tatu, neno kwa neno, pamoja na majibu ya mfumo. Alisikiliza bila kunikatisha. Nilipomaliza nikamsikia anashusha pumzi.

"Ni Emilian basi," akasema. "Siyo Vedasto." Kisha haraka haraka akasema Mungu anisamehe, akaniuliza gari lipo.

Baba alikuwa mlangoni, amesikia. Hakunisema hata kidogo. Alichukua funguo za pikapu, akasema twende.

Saa saba tulikuwa kijijini kwa kina Marcelina. Walikuwa wanatusubiri barabarani: Marcelina, mzee Kasimiri, vijana wanne na kamba na blanketi za kufungia machela. Na alikuwepo Recheli, mke wa Emilian. Hana viatu miguuni. Nadhani alitoka shambani hivyohivyo alipoambiwa, hakurudi ndani.

Sisi wanawake tulikaa nyuma ya pikapu. Ile safari sitaisahau mpaka naingia kaburini.

Recheli hakulia. Aliuliza tu ni siku ya ngapi. Nikamjibu ya nne leo, tangu aumwe. Akahesabu kwa vidole. Baada ya muda akauliza tena, nikamjibu tena, akahesabu tena. Marcelina alimshika bega njia nzima, akimwambia jikaze mdogo wangu, Vedasto yupo naye, Vedasto hawezi kumwacha. Alikuwa anamfariji kweli, kwa moyo. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye mume wake ni mzima, na Recheli alikuwa anaisikia. Hata kwenye kikapu alichobeba, Marcelina alikuwa amefunga nguo na dawa za Emilian tu.

Katikati ya njia Recheli akauliza hiyo kompyuta ni ya nani.

Nikamwambia ni yangu. Akaniangalia usoni, kisha akageuka akaangalia miti. Bora angenipiga.

Gari likaishia pale njia ilipoishia. Tukaanza kutembea, saa nane na nusu mchana, jua kali, Kasimiri mbele. Yale magoti niliyoyahurumia mkutanoni yalituacha nyuma wote. Nilijitahidi nimfikie, nikaanza kumuomba radhi, maneno yananitoka ovyo.

Akanisikiliza. Akasema, "Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupitia namba nne."

Aliongeza mwendo, nami nikabaki nyuma na hiyo sentensi.

Tulifika kambini saa kumi na nusu. Kibanda kipo. Ndoo za asali zipo, zimefunikwa vizuri. Majivu jikoni yamepoa. Watu hawapo.

Kasimiri akapiga mbinja. Kimya. Vijana wakaanza kuzunguka, nikaona mmoja anaangalia chini kwenye majani marefu, nikajua anatafuta nini, nikafumba macho. Recheli aliita jina la mume wake mara moja tu. Akakaa chini, miguu yake inavuja damu, akaanza kusali kwa midomo bila sauti.

Marcelina alipiga magoti pembeni yake, akamkumbatia. Akamwambia, "Mdogo wangu, lolote litakalokuwa, hutabaki peke yako."

Ndipo kijana mmoja akasema, kuna mtu anashuka kilimani.

Tukageuka. Mtu alikuwa anashuka kwa shida, ameinama, anashika mti mmoja baada ya mwingine. Amembeba mwenzake mgongoni, kamfunga kwa shuka. Sura haionekani, jua lilikuwa nyuma yao. Tuliona tu mguu mmoja wa aliyebebwa unaning'inia, mweusi, mnene kuliko kiuno cha mtoto.

Recheli akasimama. Unaujua mwendo wa mtu uliyelala naye miaka kumi na mbili. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Anayetembea ndiye Emilian."

Mimi nilikuwa namwangalia Marcelina. Mikono yake ilikuwa bado kwenye mabega ya Recheli, pale alipokuwa anamfariji, na haikutoka. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa anaangalia ule mguu.

Recheli ndiye aliyegeuka. Hakumkimbilia mume wake. Alimgeukia Marcelina, akamshika kiunoni kwa nguvu zote kabla hajaanguka, wakaenda chini wote wawili.

Emilian alitusimulia wakati vijana wanafunga machela. Vedasto alikuwa hai, anapumua kwa shida, macho yanafumba na kufumbua. Emilian hajui kusoma wala kuandika. Kwa hiyo kila asubuhi alimbeba Vedasto mpaka juu kilimani, ili Vedasto aandike mwenyewe, na kila jioni alimbeba tena, waangalie kama kuna meseji nyingine imeingia. Mtu ana sumu mwilini, anabebwa mgongoni, anaandika salama.

Na aliandika jina la mwenzake kwa makusudi. Alimwambia Emilian, "Anayesoma ni Marcelina, akijua ni mimi atakimbilia porini peke yake, tutapata maiti wawili. Tuandike ni wewe. Watakuja tu."

Alijua mke wake anasoma. Mke wake alikuwa anaangalia duara la kijani.

Emilian akaniangalia. Baba alishamwambia mimi ni nani. Alikuwa ameishiwa nguvu, mabega yamechubuka kwa kubeba, na hakupandisha sauti.

"Siku ya kwanza nilikuwa na nguvu, binti," akasema. "Nilitaka kumbeba mpaka barabarani. Tungefika hiyo Jumapili jioni. Akanionyesha simu, akasema wamepokea, tukae hapahapa tusije tukapishana nao njiani."

Akafuta uso.

"Nani alipokea?"

Nilitaka kumweleza kuhusu seva, kuhusu mstari nilioubadilisha, kuhusu dirisha. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, anasubiri jibu na yeye. Wote walikuwa wanasubiri. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amepokea, na mimi ndiye niliyewaandikia kwamba wamepokelewa.

Nikasema hakuna.

Vedasto aliishi. Mguu ulikatwa juu ya goti. Mzinga hapandi tena. Anachonga mizinga nyumbani, wengine wanaenda kuitundika. Daktari alisema jambo kuhusu Jumapili ambalo Marcelina ameniomba nisilirudie, na sitalirudia.

Kikundi hakikunifukuza. Nilisimama mbele yao nikasema yote, mpaka la kutaka kufuta. Mzee Kasimiri alisema tu kwamba kesho anaanza tena kupitia kambi. Watu wakaanza kuniambia nitengeneze nini, nami safari hii nikaandika kila neno kwenye daftari.

Ukurasa sasa hauna rangi. Una maneno yao, yote, kama walivyoyaandika, na yamejaa "ila" kila mahali. Jibu la moja kwa moja nililing'oa. Mtu lazima asome kwanza, abonyeze yeye, na jibu linaondoka na jina lake. Nilidhani kazi hiyo itabaki kwa Marcelina. Akakataa. Alisema siku ile alisikia limetajwa jina la mume wa mwenzake akashukuru Mungu, kwa hiyo hajiamini tena kusoma habari za waume za watu.

Wewe unayetengeneza mifumo, na wewe unayejibu "nimepata" bila kufungua ulichotumiwa, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu amepokelewa kama hakuna aliyempokea. Angejua yuko peke yake angejiokoa mapema. Wewe ndiye uliyemkalisha.

Siku hizi anayesoma ni Recheli. Nilimfundisha kwa siku nne, hakuwa anaongea nami zaidi ya kazi, na sikumlaumu. Siku ya mwisho nilimwachia aandike mwenyewe jibu atakalotaka liende kambini. Alikaa nalo muda mrefu. Kila asubuhi, ukiwa juu ya kilima chochote kule miombo, simu yako italia na utakuta:

"Nimesoma yote mpaka mwisho. Ni mimi Recheli."